Nionyesheni Kaburi Moja

Louisville, 9 Novemba 2025

Kwako Yaya Dafroza, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa jina la magoti yangu pia, ambayo tangu baridi ianze yanasali kuliko mimi. Huku mtaani Iroquois hatujambo. Isimbi binti yangu amepata leseni ya gari, kwa hiyo mtaa mzima umeanza kutembea kwa uangalifu. Mke wangu anauliza kama wale wazee unaowaogesha huko Amherst bado wanakuita Daphne kwa sababu Dafroza linawachosha.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Bon, unajua mwenyewe. Mara ya mwisho nilikutumia sauti kuhusu kaka yetu Kalisa, na kabla sijafika kazini ilikuwa imesikilizwa Columbus, Nairobi na Bujumbura, na mtu wa Nairobi nisiyemjua alikuwa ameshanishauri. Na ukipiga Columbus, simu inashikwa na Kalisa lakini anayesikiliza ni Mama. Jambo hili sitaki limfikie Mama kabla halijakufikia wewe.

Unakumbuka kiwanja nyuma ya kanisa letu. Mwezi wa tano mlikuja, wewe kutoka Buffalo na Mama kutoka Columbus, na akina mama wote wa kanisa wakaingia na majembe ili tupande lenga-lenga, mchicha wetu wa nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye shifti, nikafika mwishoni kubeba mifuko ya takataka. Nilibeba mingi: vikombe vilivyovunjika, visahani, vioo vya taa za zamani, majani yale yanayotambaa yenye maua ya zambarau, na mimea yenye majani makali kama mikuki iliyonichoma mpaka nikakumbuka matusi niliyoyaacha nilipookoka. Jumapili yake mchungaji akawaambia watu wanipigie makofi. Wakapiga. Makofi hayo ningali nayo, na sijui niyarudishe wapi.

Kwa sababu Jumapili ya juzi, katikati ya mahubiri, aliingia mwanamke mweusi wa hapa hapa Amerika, mzee sana, anatembelea kile kigari cha kusukuma. Anaitwa Odessa. Alikaa nyuma akasubiri tumalize, na wewe unajua sisi hatumalizi. Halafu akaniuliza, kwa vile nilikuwa karibu na mlango: "Mwanangu, maua yangu ya zambarau yameenda wapi?"

Yaya, lile ni kaburi. Si moja, ni mengi. Watu wao zamani hawakuwa na uwezo wa jiwe lenye jina. Waliweka juu ya marehemu kikombe alichonywea mara ya mwisho, taa yake, sahani yake. Walipanda yale majani ya kutambaa kwa sababu baridi haiyaui, na ile mikuki ili mtu asipite juu. Ndiyo vitu nilivyopigiwa makofi.

Odessa alikuwa ameondoka hapa miaka mingi akikaa kwa mtoto wake kusini. Amerudi kutafuta mahali alipolala bibi yake, Lucinda. Anasema alama yake ilikuwa ganda la konokono wa bahari, kubwa kama kichwa cha mtoto, jeupe kwa nje, waridi kwa ndani.

Wewe na mimi tunajua konokono huyo yuko wapi. Yuko Columbus, anazuia mlango wa chumba cha Mama usijifunge.

Nilichotaka kuuliza ni hiki. Wewe ndiye uliyekuwa na Mama kwenye kona alipomng'oa, unamshikia gunia. Alimtoa sehemu gani? Karibu na uzio, au karibu na ukuta wa kanisa? Ninauliza kwa haraka, maana kamati imeshapitisha kujenga ukumbi wa harusi hapo, na katapila inakuja barafu ikiyeyuka. Nilimwendea mwenyekiti, Mirindi. Alinisikiliza vizuri, akanijibu: "Zenoni, mimi sipigane na wafu. Lakini wafu wenyewe wako wapi? Hata chini ya nyumba yangu naweza kusema kuko wafu. Munionyeshe kaburi moja. Moja tu, na ile katapila nitairudisha mimi mwenyewe."

Nijibu, tafadhali.

Mdogo wako anayekuheshimu hata ukikaa kimya,
Zenoni


Buffalo, 28 Novemba 2025

Mdogo wangu Zenoni,

Salamu nimezipokea. Mimi na watoto tunaendelea. Theluji imeanguka mpaka gari yangu ikawa kilima, nikachimba ya jirani kwa makosa, akanishukuru sana. Wazee wangu wa Amherst wanaendelea, isipokuwa wale wasioendelea. Mume wangu amebadilishiwa kazi kiwandani, sasa anasimama mahali pa joto, Mungu ni mwema.

Kuhusu magoti yako, paka mafuta ya mkaratusi usiku, vaa soksi ndefu. Kuhusu Isimbi, asiendeshe kwenye barabara kubwa kabla ya kuzoea.

Kuhusu mambo ya kanisa, wewe ni mtu wa kubeba vitu visivyo vyako tangu utotoni. Kanisa lina kamati. Hiyo kamati ina mwenyekiti. Watoto wetu wanaolewa katika kumbi za kukodi ambamo saa nne wanatuzimia taa na wali bado uko kwenye sufuria. Acha wajenge.

Mama yuko salama. Shinikizo la damu limeshuka. Nimefurahi limeshuka.

Dada yako,
Dafroza


Louisville, 10 Desemba 2025

Yaya mpenzi,

Asante kwa barua. Mafuta ya mkaratusi nimepaka, sasa depo nzima ninakofanya kazi inajua nilipo kabla hawajaniona. Isimbi ameendesha kwenye barabara kubwa. Nilikuwa pembeni, na nimeamini kwamba maombi mafupi yanasikika.

Nilisoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu la swali langu. Niliuliza konokono alitolewa wapi, wewe umenijibu mpaka wali. Donc nitakueleza Odessa ni nani, halafu nitauliza tena.

Amepewa chumba kwenye nyumba ya wazee si mbali na kwangu. Huwa napita baada ya shifti. Nampelekea sombe, majani yetu ya muhogo, anasema inamkumbusha mboga za mama yake, ila hizi zimepigwa zaidi. Anazungumza, nami nasikiliza. Unajua mimi shule niliiachia njiani, lakini nchi hii nimeisoma kwa vibao vya barabarani. Kila kona kuna kibao: hapa alilala jenerali, hapa alikunywa chai kanali. Hapa Kentucky hata farasi wa mbio akifa anazikwa na kuwekewa jiwe lenye jina lake na la mama yake. Bibi yake Odessa aliwekewa konokono.

Bibi Lucinda alikuwa mfuaji. Alifua nguo za wenye nyumba kubwa maisha yake yote, na wafuaji wenzake walikuwa na chama chao cha kuzikana, kama tulivyo sisi na michango yetu. Chama hicho ndicho kilichopata kipande kile cha ardhi. Januari ya mwaka 1937 mto Ohio ulitoka mahali pake ukaingia mjini. Odessa alikuwa na miaka sita. Waliwekwa pamoja na majirani kwenye darasa la shule, ghorofa ya juu, na huko Lucinda akafa kwa kifua. Makaburi ya kawaida ya watu weusi yalikuwa chini ya maji. Kiwanja cha wafuaji kilikuwa juu kidogo, kikabaki kikavu.

Waling'oa mlango wa darasa wakamlaza juu yake, wakauweka kwenye mashua. Wanaume walishika makasia, wanawake walishika mlango usiteleze. Hakuna aliyebaki na mikono, basi yule konokono wa kuwa alama ya kaburi akawekwa kwenye mapaja ya Odessa. Ananiambia: "Nilimpakata njia nzima. Mama alisema, ukimwangusha majini, bibi yako hatajulikana tena. Sikumwangusha."

Na alipofika ni yeye aliyemweka chini. Ila alikuwa na miaka sita, na mti aliokuwa anaukumbuka ulikatwa, na uzio ulihamishwa. Konokono mwenyewe Odessa alimkumbuka vizuri. Mahali alimwachia konokono akumbuke.

Ilibidi nimwambie kwamba tulipanda lenga-lenga pale, na kwamba tulikula majira yote ya joto, na kwamba nyingine tulizikausha zikafika mpaka Buffalo. Ndiyo, Yaya, na wewe. Kwetu kaburi halilimwi, kwa hiyo nilikuwa natazama viatu vyangu. Halafu akauliza: "Zilistawi?" Nikasema sana. Akasema: "Basi ni yeye. Hakupenda mtu aondoke kwake na njaa."

Sasa nauliza kwa mara ya pili. Sheria ya hapa inalinda makaburi, nimesoma. Lakini hata sheria inaanza kwa kuuliza kama Mirindi: liko wapi? Mama alimtoa wapi? Kama hukumbuki, niruhusu nimwulize Mama.

Noeli njema kwenu nyote. Mke wangu ametuma kitenge kwa posta, kikichelewa usimlaumu yeye.

Zenoni


Buffalo, 17 Januari 2026

Zenoni,

Heri ya mwaka mpya. Kitenge kimefika, mwambie mkeo rangi ni nzuri. Barua yako ilifika kabla ya Noeli. Nilikuwa na kazi.

Nilikuwa na kazi na pia sikutaka kukujibu. Sasa najibu.

Usimwulize Mama. Nasema kama dada yako na nasema kama aliyekubeba mgongoni kutoka mlimani ulipougua surua. Wewe uko na mama wa watu, unampelekea sombe, unasikiliza hadithi. Mimi niko upande wa Mama yetu. Anaamka saa kumi na moja kila asubuhi anahesabu wafu wetu kwa majina, halafu ndipo anakunywa chai. Ukimwambia kwamba alilima juu ya mtu, kwamba aling'oa alama ya marehemu akaifanya kizuizi cha mlango, asubuhi yake itakuwaje?

Na hilo siyo kubwa. Kubwa ni kwamba atauliza: na Baba yenu, nani analima juu yake?

Mimi nilimpeleka Mama kwenye kaburi la Baba. Wewe hukuwapo. Alitazama mawe, akalia, akafunga kitambaa kichwani, akasema twendeni. Ni hapo tu alipokubali kuondoka milimani kwetu na kukimbia vita. Bila hapo angebaki, na leo tusingekuwa na Mama wa kubishania. Tangu siku ile amekaa kimya juu ya Baba. Unataka kuufukua ukimya huo kwa ajili ya konokono?

Siku ile kwenye kona sikuangalia. Nilikuwa nashika gunia, nilikuwa naongea na watu. Ni vile tu.

Mwambie huyo mama kwamba tunamwombea.

Dafroza


Louisville, 1 Februari 2026

Yaya,

Mke wangu na Isimbi wanakusalimu. Hapa kuna barafu juu ya barafu, na mabasi yamekwama, kwa hiyo naenda kazini kwa miguu na mikono.

Odessa alilazwa wiki iliyopita, mapafu. Amerudi, lakini sauti imekuwa ndogo. Hakuniuliza habari za kona. Angeniuliza ingekuwa rahisi. Aliniuliza kama Isimbi anaendesha vizuri.

Mirindi ameleta watu wakasawazisha kiwanja ili wapime. Mistari yetu ya lenga-lenga haipo tena. Kuna vijiti vyenye utepe mwekundu. Nilisimama hapo nikamwambia, tusubiri. Akasema: "Nimesubiri tangu Novemba, grand frère. Bado unaniletea hadithi. Mimi nina vijana wanaoa." Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo inayonitisha. Angekuwa mbaya ningempinga vizuri.

Sasa nikuambie lile nisilokuambia kwa miaka. Umesema sikuwapo. Kweli, nilikuwa Uvira shuleni, na barabara ilifungwa. Nilipowakuta ng'ambo ya mpaka mlikuwa mmeshazika na kulia na kumaliza. Nilikuuliza Baba yuko wapi, ukasema chini ya mikaratusi, karibu na kijito. Nikakuuliza upande gani wa kijito. Ukasema kuna mvua, tuingie ndani. Nilikuuliza tena Bujumbura, ukaniambia nimekonda. Nilikuuliza siku tunapanda ndege kuja Amerika, ukanituma kutafuta maji ya kunywa. Mimi si mtu wa shule lakini naweza kuona mtu anapohamisha mazungumzo.

Sikukulazimisha, na hata sasa sikulazimishi. Lakini nimejua ladha ya kuambiwa "karibu na kijito". Sitaki kumpa mtu wa miaka tisini na tano chakula hicho hicho.

Ikifika mwisho wa mwezi hujaniandikia, nitakwenda Columbus mwenyewe nimwulize Mama. Unaweza kunikasirikia, nimezoea. Umenibeba mgongoni kweli, lakini ni zamani na nimekuwa mzito.

Zenoni


Buffalo, 20 Februari 2026

Zenoni,

Tunaendelea.

Nimekwenda Columbus mwenyewe. Nilibadilishana shifti na Mkenya mmoja nikaendesha mchana kwenye upepo. Sikutaka ufike wewe na ulimi wako.

Nilimkuta Mama anakunja nguo. Nilimweleza yote: vikombe, maua, mashua, mtoto aliyempakata konokono. Alimaliza kukunja, akasimama, akaenda mlangoni, akainama kwa shida, akamwokota konokono na kumfuta kwa upindo wa kitenge. Mlango ukajifunga. Akasema: "Kumbe nilimvua mtu kofia yake."

Kisha akasema: "Munipeleke."

Nilimwambia kuna baridi, asubiri. Akaniuliza kama huyo mama wa Louisville ana muda wa kusubiri.

Kalisa atamleta akipata siku ya kupumzika mwezi wa tatu. Mimi sitapata ruhusa kazini. Mpokee, mvalishe soksi zako ndefu.

Kuhusu lile lingine uliloandika, nimesoma.

Dafroza


Louisville, 29 Machi 2026

Yaya Dafroza,

Salamu nyingi, na mara hii magoti yamenyamaza. Barafu imeyeyuka. Isimbi amekwaruza mlango wa gari kwenye nguzo, anasema nguzo ndiyo iliyokosea. Kalisa amekueleza safari, lakini Kalisa alikaa ndani ya gari na simu yake, kwa hiyo hakuona kitu. Nitakueleza nilichoona.

Mama alifika Jumamosi asubuhi amevaa makoti mawili. Odessa nilimleta kwenye kiti cha magurudumu, mke wangu akimfunika mablanketi. Mirindi alikuwapo na wanakamati wengine, mikono mifukoni. Katapila ilikuwa imeshaletwa, imeegeshwa kando ya ukuta, manjano kabisa. Dereva wake alikuwa anakula mkate.

Nilitafsiri mimi, kwa hiyo kila neno lilipita kinywani mwangu.

Mama alimtoa konokono kwenye kitenge akamweka kwenye mapaja ya Odessa. Odessa alimshika kama mtu anayepima joto la mtoto. Mama akasema: "Mwambie nilimweka mlangoni. Mwambie anisamehe, lakini alifanya kazi vizuri." Nikamwambia. Odessa akasema: "Miaka yote hiyo amelala. Ilikuwa zamu yake ya kufanya kazi." Mama akacheka, ule mcheko wake wa puani. Wakaulizana umri. Mama akagundua yeye ndiye mdogo, akavua koti la juu akamwongezea mwenzake.

Kisha Mama akaingia kiwanjani.

Yaya, hapakuwa na kitu cha kushika kwa macho. Udongo umesawazishwa kama meza. Alikwenda mpaka kwenye uzio, akarudi. Alikwenda upande wa ukuta, akasimama, akarudi. Mirindi alitazama saa. Mmoja wa kamati akanong'ona: "Mama amechoka, mumurudishe kwenye gari." Nikaona kidevu cha Mama kinafanya vile kinavyofanya akitafuta miwani aliyoivaa.

Akanirudia akasema: "Mwulize, bibi yake alipenda kukaa akiangalia wapi?"

Nikauliza. Odessa akafikiri, akasema jioni alikaa mlangoni ameelekea kile kilima cha Iroquois, kwa sababu mvua ilitokea huko na yeye alikuwa na nguo za watu kwenye kamba.

Mama akageuka akakitazama kilima. Akatembea moja kwa moja, bila kusita, akapita vijiti vya utepe mwekundu, akasimama. Akanyoosha mkono chini. "Hapa. Nilipiga jembe hapa, likagonga. Kichwa kiko huku."

Tulimsukuma Odessa mpaka pale, magurudumu yakizama. Akainama, mke wangu akamshika kiuno, akamweka konokono chini kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema neno moja ambalo sikulisikia, na nilipotaka kulitafsiri kwa Mama, Mama akanizuia kwa kiganja.

Mirindi alivua kofia. Yeye ni mtu wa neno lake. Alimwendea yule dereva, nikamwona anaeleza kwa mikono, dereva akafunga mkate wake. Jumatatu walikuja vijana wa chuo kikuu na mashine kama ya kukatia majani, inaangalia ndani ya udongo. Wanasema kumelala watu wengi, karibu kiwanja chote, na pale alipoonyesha Mama kumelala mtu. Mashine haisemi ni nani. Ukumbi utajengwa kwingine au hautajengwa. Akina mama wa kanisa wameshaagiza maua ya zambarau na wanabishana nani atamwagilia.

Kwa hiyo nilichokuwa nakililia kimepatikana, na ningepaswa kufunga barua hapa.

Lakini nimekaa na jambo. Mtu anayekumbuka alipopiga jembe haulizi marehemu alipenda kuangalia wapi. Odessa hajui hilo, au anajua na ameamua kuliacha. Anasema analala vizuri. Nifanye nini? Wewe unakwenda Columbus Pasaka. Mwulize Mama kama kweli alikumbuka. Nikishajua, nitaona kama nanyamaza au nasema.

Mdogo wako,
Zenoni


Buffalo, 12 Aprili 2026

Mdogo wangu Zenoni,

Pasaka ilikuwa njema. Kalisa alichoma nyama nje na mwavuli mkononi. Watoto wamenenepa. Mama anakusalimu, anasema mkeo anapika vizuri ila ana haraka na chumvi.

Nilimwuliza. Jumatatu ya Pasaka wengine walikuwa wametoka, nilikuwa nimemwekea miguu kwenye beseni namkata kucha, kama ninavyowafanyia wazee wa Amherst. Nilikuwa nimeinama, ndiyo maana niliweza. Nikasema: Mama, kule Louisville, ulikumbuka kweli?

Nikakata ukucha mwingine.

Akasema: "Yule mama alikuwa amekaa kwenye baridi. Ungetaka nimwambie nini?"

Nikasema, Mama, angeambiwa ukweli. Nilijisikia nikisema hivyo, Zenoni, mimi.

Akasema: "Nilimfanyia kama ulivyonifanyia."

Sikuinua kichwa. Maji yalikuwa yamepoa na nilipaswa kuongeza ya moto, lakini sikuongeza. Nikamwuliza alijua tangu lini.

"Tangu pale pale," akasema. "Mawe yalikuwa bado na udongo mbichi juu yake. Na miguu yako ilikuwa imechanika. Nikaona mtoto huyu amemtafuta baba yake mlima mzima, hakumpata. Ndipo nikalia. Wewe ulifikiri ninamlilia yeye."

Nilimaliza kucha. Nikamkausha miguu, nikamvalisha soksi zako ndefu, akalala.

Fanya unavyoona na huyo Odessa. Mimi sikushauri. Na ukitaka kuniuliza tena upande gani wa kijito, usiandike. Njoo Buffalo, nitakueleza nilipomtafuta, mahali kwa mahali.

Dafroza